Siku ya Martin Luther King: vyuo vikuu vya Marekani vinamuenzi kweli au vinajipamba?

#1 Mzee wa Kijitonyama
Habari zenu wakuu.

Binti wa dada yangu anasoma chuo kikuu kimoja huko Marekani, mwaka wa pili. Kila Jumatatu ya tatu ya Januari wana sikukuu ya Martin Luther King, yule mpigania haki za Wamarekani weusi, masomo hakuna. Mwaka huu nikampigia nikijua nitamkuta bado kalala. Kumbe yuko juu ya ngazi anapaka rangi darasa la shule ya msingi ya mtaani, yeye na wenzake, wamevaa fulana zenye jina la King. Jioni wakaandamana na mishumaa ndani ya kampasi, halafu mhadhara, halafu kwaya.

Mimi nimependa sana. Ila jirani yangu aliyewahi kuishi huko ananiambia nisidanganyike, eti vyuo hivyo hivyo vilikuwa havitaki kabisa mtu mweusi, leo vinatafuta picha nzuri za kuwekea matangazo. Naomba wenye kujua mnifafanulie. Hii ya kumuenzi King vyuoni ilianzaje, na ina ukweli ndani yake?

#2 Chachandu
Siti ya mbele kabisa. Wenye nondo karibuni.

#3 Nondo Nzito
Mleta mada, rangi na ngazi vina sheria nyuma yake. Muswada wa sikukuu ulipelekwa bungeni na mbunge John Conyers siku nne tu baada ya King kuuawa, Aprili 1968. Ukapigwa danadana miaka 15. Rais Reagan alikuja kuusaini Novemba 1983, na sikukuu ikaadhimishwa mara ya kwanza Januari 20, 1986. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria nyingine, iliyosukumwa na mbunge John Lewis na seneta Harris Wofford, ikaifanya kuwa siku ya kujitolea kwa jamii. Lewis ni yule aliyevunjwa kichwa na polisi kwenye daraja la Selma mwaka 1965, akiandamana kudai haki ya weusi kupiga kura, kwa hiyo hakuwa mtu wa kutafuta pambo.

Baada ya hapo vyuo vikaingia kwa nguvu kwa sababu ndivyo vyenye vijana wengi sehemu moja. Jibu langu ni hilo, ni sheria.

#4 Binti Makorora
Nondo, tarehe zako ziko sawa, lakini vyuo havikungoja sheria ya 1994. Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1987, wanafunzi weusi waliandamana baada ya matukio ya kibaguzi kampasini. Kwenye orodha ya madai yao lilikuwemo hili la siku ya King kupewa heshima yake. Uongozi ulikubali baada ya kubanwa. Leo Michigan wana kongamano kubwa la King kila Januari, wageni mashuhuri wanaalikwa, na anayesoma ratiba atadhani wakubwa wa chuo ndio waliobuni.

Hata ile sanamu ya King pale Chuo Kikuu cha Texas, Austin, iliyosimamishwa mwaka 1999, ilianza kwa wanafunzi kudai na kuchangisha. Kwa hiyo mimi nasema ni shinikizo la wanafunzi. Sheria ilikuja kubariki kilichokwishaanza.

#5 Kipanga
Mnasahau kwamba King mwenyewe alikuja Dar mwaka 1964 akaonana na Mwalimu. Watu hawasemi haya.

#6 Mwanakwerekwe
Kipanga, hiyo umeipata kijiwe gani ndugu yangu? Aliyekuja Dar mwaka 1964 ni Malcolm X. Ilikuwa Oktoba, akaonana na Mwalimu Nyerere, na waziri Abdulrahman Babu alikuwa mwenyeji wake. King alifika Ghana, Machi 1957, alipoalikwa na Nkrumah kwenye sherehe za uhuru. Huku kwetu hakuwahi kukanyaga.

#7 Kipanga
Sawa shekhe, Malcolm X. Bado ni Mmarekani mweusi na bado ni Dar.

#8 Jaduong wa Milimani
Uhusiano wa kweli wa King na sisi watu wa Afrika Mashariki ulipitia kwa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, na unahusu vyuo moja kwa moja. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Mwezi Mei mwaka huo, King na wenzake walimwandalia karamu ya heshima kule Atlanta. Septemba ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. King mwenyewe alisaidia kuwatafutia wanafunzi wetu fedha, na wakati huo alikuwa kijana wa miaka 30 tu. Kwa hiyo anapoenziwa chuoni, kuna familia za Kisumu, Nyeri na Machakos ambazo zinajua elimu yao ilipitia mikono hiyo.

#9 Chachandu
Na baba yake Obama alikuwa kwenye ndege hiyo hiyo, sivyo?

#10 Jaduong wa Milimani
La. Watu wengi husema hivyo. Mzee Obama alifika Hawaii mwaka huo huo wa 1959 lakini kwa mipango mingine, hakuwa ndani ya ndege ile. Wangari Maathai ndiye aliyekuwa zao la mpango huo, alienda Kansas mwaka 1960.

#11 Mwalimu wa Historia
Nimesoma kuanzia juu. Mnazungumza kana kwamba vyuo vyote ni kimoja. Kuna chuo ambacho King ni mtoto wa nyumbani, na kuna chuo ambacho King ni jina la mtu mashuhuri.

Morehouse, Atlanta, ni chuo cha wanaume weusi kilichoanzishwa 1867. Babu yake mzaa mama alisoma pale, baba yake pia. King aliingia mwaka 1944 akiwa na miaka 15, akamaliza 1948 katika sosholojia. Rais wa chuo, Benjamin Mays, alikuwa akihutubia wanafunzi kanisani kila Jumanne, na King alikuwa na tabia ya kumfuata baada ya hotuba kwenda kubishana naye. Urafiki ukakua mpaka wakaahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake ndiye atakayemsemea kwenye mazishi. Aprili 9, 1968, baada ya ibada ya kanisa la Ebenezer, jeneza lilipakiwa kwenye mkokoteni wa shamba, likavutwa na nyumbu wawili hadi uwanja wa Morehouse, maelfu wakifuata kwa miguu. Pale, mzee wa miaka 73 akamsemea mwanafunzi wake wa miaka 39.

Mtu akiniambia chuo kile kinamuenzi King kwa ajili ya matangazo, nitabisha mpaka asubuhi.

Lakini ngoja. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1969, wanafunzi wa Morehouse waliwafungia wajumbe wa bodi ndani ya jengo. Walitaka masomo ya watu weusi yaanzishwe, na watu weusi waongezwe kwenye bodi. Miongoni mwa waliofungiwa alikuwemo Mzee King, baba mzazi wa marehemu, na ilibidi wamtoe alipolalamika maumivu ya kifua. Miongoni mwa waliofunga mlango alikuwemo Samuel L. Jackson, huyu mwigizaji mnayemjua, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akiwaelekeza watu viti kwenye mazishi ya King. Chuo kilimsimamisha masomo. Nani kati yao alikuwa anamuenzi King siku ile? Mimi bado naona wanafunzi walikuwa karibu zaidi na alichokifundisha, ingawa namwonea huruma mzee wa watu.

#12 Nyota ya Asubuhi
Bandiko namba 11 limeshiba. Shukrani mwalimu.

#13 Kipanga
Mwalimu umesahau udaktari wake. Aliupata Boston. Na walikuja kugundua baadaye kwamba sehemu ya tasnifu yake alinakili kazi za watu. Mbona hilo vyuo havilisemi wakiwasha mishumaa?

#14 Mwalimu wa Historia
Kipanga, linasemwa, na liliwekwa wazi na chuo chenyewe. Kamati ya Chuo Kikuu cha Boston ilichunguza na mwaka 1991 ikasema kweli alitumia maneno ya wengine bila kuwataja inavyopasa. Ikapendekeza asivuliwe shahada, na barua ya matokeo iambatanishwe na nakala ya tasnifu maktabani. Kabla ya hapo, waliolikuta jambo hili kwanza ni watafiti wa mradi wa nyaraka zake kule Stanford, ulioanza 1985 chini ya Clayborne Carson, tena mjane Coretta ndiye aliyemwomba auongoze. Yaani watu waliopewa kazi ya kumtunza ndio walioona dosari yake wakaiandika. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko sanamu, maana umemchukulia mtu mzima alivyo.

#15 Nondo Nzito
Umetaja Boston, basi tuseme na la mali. Mwaka 1964 King aliwapa Chuo Kikuu cha Boston nyaraka zake, zaidi ya vipande 83,000. Mwaka 1987 Coretta alifungua kesi azirudishe Atlanta, akisema mumewe alibadili mawazo. Akashindwa 1993, na rufaa ikatupwa 1995. Kisha mwaka 2006 nyaraka nyingine zilizokuwa mikononi mwa familia zilikuwa zipigwe mnada New York. Meya wa Atlanta, Shirley Franklin, akakusanya watu wenye uwezo, zikanunuliwa kwa dola milioni 32 na kupewa Morehouse.

Ukiona chuo kinapigana mahakamani kwa ajili ya makaratasi, ujue jina la King lina thamani ya fedha. Jirani wa mleta mada hajakosea moja kwa moja.

#16 Binti Makorora
Ila Nondo, wewe ulisema ni sheria, sasa unasema ni fedha. Kaa upande mmoja tukuone.

#17 Nondo Nzito
Vyote viwili vinaweza kuwa kweli dada. Sheria inafungua mlango, anayeingia ana sababu zake.

#18 Mbeba Boksi
Naomba na mimi niseme, maana naishi ndani ya jambo hili. Nafanya usafi usiku kwenye chuo kimoja huku, sitakitaja. Tumeajiriwa na kampuni yenye mkataba na chuo, kwa hiyo sikukuu ya chuo si sikukuu yetu. Siku ya King ofisi zote zimefungwa, maegesho yako wazi, sisi tunaingia shifti kama kawaida.

Jioni walifanya ibada ya mishumaa kwenye ukumbi wenye zulia. Walipoondoka, nta ilikuwa imedondoka mstari mzima kuanzia mlangoni hadi jukwaani. Nta ikiingia kwenye zulia haitoki kwa mashine ya kufyonza. Unaiacha igande, unakwangua ya juu kwa kadi ya plastiki, kisha unaweka karatasi ya kahawia, unapitisha pasi ya uvuguvugu juu yake mpaka karatasi inywe nta. Unahama hatua moja, unaweka karatasi nyingine. Ukizidisha moto, zulia linaungua na wewe unakatwa.

Wakati pasi inapata moto niliokota kijitabu cha ratiba chini ya kiti. Hotuba zilizoandikwa mle ni nzuri, sikatai. Ukurasa wa nyuma wamewashukuru waimbaji, mpiga picha, waliotoa maua, mkuu wa idara. Msimamizi wangu akapita akaniuliza mbona nimesimama. Siandiki haya kwa chuki. Nimeipenda siku ile, na yule mzee namheshimu. Lakini nilitamani mtu mmoja tu ndani ya ukumbi ule aulize nani atabaki baada yao.

#19 Chachandu
Daah. Pole sana kaka.

#20 Nyota ya Asubuhi
Mbeba Boksi, wewe ndiye mwenye King kuliko wote waliokuwa ukumbini. Watu wanakomea kwenye hotuba ya ndoto ya Agosti 1963. Alikufa kwa ajili ya nini? Februari 1, 1968, Memphis, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukawashika ukawaua. Wenzao 1,300 wakagoma kuanzia Februari 12, wakibeba mabango ya kudai watambuliwe kuwa ni binadamu. King alienda kwa ajili yao. Aprili 4 akapigwa risasi kwenye kibaraza cha moteli.

Chuo kinachotaka kumuenzi kiulize kwanza wafagiaji wake wanalipwa nini. Binafsi naona hii ya kupaka rangi shule imechaguliwa kwa sababu haimuudhi mtu. Unapaka ukuta, hakuna mkubwa anayekosa usingizi.

#21 Mzee wa Kijitonyama
Nawasoma wote, shukrani. Ila Nyota, usiidharau rangi. Binti ameniambia watoto wa shule ile wengi ni weusi na wa Kilatino, na darasa lilikuwa na unyevu ukutani. Mwalimu wao wa hapo shuleni alilia. Hilo nalo ni la bure?

#22 Nyota ya Asubuhi
Si la bure mzee wangu, na binti umpongeze. Swali langu ni kwa chuo, si kwake. Ule unyevu umetoka wapi, na kwa nini shule ile haina fedha wakati jirani yake ni chuo chenye mabilioni?

#23 Mwanakwerekwe
Mmejikita Marekani peke yake. Kuna Newcastle, Uingereza. Novemba 13, 1967, Chuo Kikuu cha Newcastle kilimpa King shahada ya heshima, na ndicho chuo pekee cha Uingereza kilichofanya hivyo akiwa hai. Alisafiri kutoka Marekani, akakaa muda mfupi, na akatoa hotuba ambayo hakuitayarisha, akataja matatizo matatu makubwa ya dunia, ubaguzi wa rangi, umaskini na vita.

Angalieni mwaka. Mwaka 1967 King hakuwa kipenzi cha watu kwao. Aprili mwaka huo alikuwa amesimama kanisa la Riverside, New York, akailaani vita ya Vietnam, magazeti makubwa yakamshambulia, hata baadhi ya wenzake wa harakati wakamkimbia. Chuo kikimpa heshima wakati huo, kina gharama. Kumsimamishia sanamu akiwa marehemu, kama walivyokuja kufanya wao wenyewe mwaka 2017, ni kwepesi zaidi.

#24 Jaduong wa Milimani
Hapo umenigusa, maana ndivyo ilivyokuwa kwa Wangari. Alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1982 aliacha kazi pale ili agombee ubunge, akaenguliwa, akarudi kuomba kazi yake siku hiyo hiyo, wakamkatalia na akatakiwa kuhama nyumba ya chuo. Baada ya Nobel ya 2004, chuo hicho hicho kina taasisi yenye jina lake, ya amani na mazingira. Mimi nafurahi ipo. Lakini wanafunzi wanaoingia pale waambiwe na habari ya 1982.

#25 Kipanga
Na sisi UDSM tuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa chenye jina lake, tangu 2008, Profesa Shivji ndiye wa kwanza kukikalia. Mwalimu huyo huyo mwaka 1966 aliwafukuza mamia ya wanafunzi wa chuo hicho hicho walipoandamana kupinga kwenda JKT. Mnaona? Safari hii nipo sahihi.

#26 Mwanakwerekwe
Safari hii upo sahihi. Oktoba 1966. Na uzuri wa Kigoda ni kwamba watu walikaa pale wakamjadili na kumkosoa, hawakumsujudia.

#27 Binti Makorora
Mnaosema sanamu ni rahisi, kumbukeni Mississippi. James Meredith, mwanafunzi mweusi wa kwanza pale, aliingia Chuo Kikuu cha Mississippi Oktoba 1, 1962 akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu, na usiku wa kuamkia siku hiyo watu wawili waliuawa kwenye ghasia. Mwaka 2006 wakamsimamishia sanamu. Februari 2014, usiku, watu waliivisha ile sanamu kamba ya kitanzi shingoni, na waliohusika wakafikishwa mahakamani. Kama sanamu haina maana, kwa nini mtu aamke usiku kwenda kuinyonga?

#28 Nyota ya Asubuhi
Hoja nzito hiyo. Nakubali kwa sanamu. Kwa wafagiaji bado nimesimama palepale.

#29 Mwalimu wa Historia
Mfano wa chuo kinachowaenzi watu wake bila kupunguza makali ni North Carolina A&T. Februari 1, 1960 wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza walienda kukaa kwenye kaunta ya chakula ya Woolworth mjini Greensboro, kaunta ya wazungu tu, wakaagiza kahawa, wakanyimwa, wakakaa mpaka duka linafungwa. Kesho yake wakarudi na wenzao. Leo sanamu yao wanne iko kampasini na kila Februari 1 chuo kinakumbuka. Hawa hawakuwa na cheo wala Nobel. King naye aliwafuata, Oktoba 1960 akakamatwa Atlanta kwa kukaa kwenye kaunta pamoja na wanafunzi. Kwa hiyo hata hilo la nani alimfundisha nani kati ya King na wanafunzi lina utata wake.

#30 Chachandu
Samuel Jackson alirudi chuoni au ndiyo ilikuwa basi?

#31 Mwalimu wa Historia
Alirudi, akamaliza 1972. Alisomea maigizo.

#32 Nondo Nzito
Mbeba Boksi, kuna jambo nataka kujua. Siku za sikukuu mnalipwa zaidi? Maana nijuavyo, sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kuongeza malipo siku ya sikukuu, labda mkataba useme au chama cha wafanyakazi kiwe kimepigania.

#33 Mbeba Boksi
Ni kama ulivyosema mkuu. Tunalipwa saa zile zile kwa bei ile ile, chama hatuna. Wahudumu wa bwalo la chakula wanacho, na wao siku ile walikuwa na nyongeza. Kuna mama mmoja wa Haiti kwenye shifti yetu ameanza kuulizia wamekipataje, na wanafunzi wawili wa sheria wamesema watatusomea mkataba wa kampuni. Tunakutana Jumapili.

#34 Binti Makorora
Kaka, likiendelea utuletee hapa hapa. Na mzee wa Kijitonyama muulize binti kama chuoni kwao wafagiaji walikuwa kazini siku ile.

#35 Mzee wa Kijitonyama
Nimeshamtumia ujumbe. Anasema hakujua, anaenda kuuliza.